Sanduku la Rubidi Lililogoma Kila Saa Nane

Nimestaafu mwezi uliopita, na tangu siku hiyo vijana wa kituo wananijia nyumbani Kwamndolwa kuniuliza hiki na kile. Shikamoo, Bi Mwanaidi, waya huu unakwenda wapi? Shikamoo, kwa nini bamba lile la ukutani hatulipaki rangi? Nimechoka kujibu huku nachambua mchicha, kwa hiyo nimeamua kuandika. Vyeo vyangu na mshahara wangu sitavitaja. Vimo kwenye faili, na anayevitaka akagombane na mende. Nitaandika kuhusu kazi, na hasa kuhusu sanduku la rubidi, maana mpaka leo nikilikumbuka moyo unanidunda kama wa msichana aliyeletewa posa.

Mimi ni mtu wa Kabuku, binti wa mkulima wa mahindi na ufuta. Uhuru ulinikuta shuleni, na nilipomaliza tu nikapata kazi ya ubao wa simu Handeni mjini. Siku ya kwanza nilivishwa visikilizio, nikawekwa mbele ya matundu na nyaya zenye ncha za shaba, nikaambiwa mtu akiomba namba, chomeka hapa na pale. Rahisi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemuunganisha mkubwa mmoja wa wilaya na bucha. Aliulizwa anataka steki au mifupa ya supu. Msimamizi alikuja mbio akitweta, na mimi nilijificha nyuma ya ubao kwa aibu. Huko nyuma ndipo nilipouona ubao kwa upande wake wa pili, nyaya maelfu zimefungwa kwa uzi kama nywele zilizosukwa, na nikasahau kabisa kwamba nilikwenda kujificha.

Kuanzia siku hiyo kila nilipopata nafasi nilikuwa nyuma ya ubao na bisibisi. Hapo ndipo aliponikuta Mzee Mhina, fundi mkuu wa mkoa wetu wa kazi, Mzigua mwenzangu, mtu mwembamba aliyevaa sweta mwaka mzima, hata mwezi wa pili ambapo mbuzi wenyewe hutafuta kivuli.

"Nani kakuruhusu kufungua huku?" aliuliza.

"Hakuna, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeona nini?"

Nikamwonyesha kiungo kimoja kilichofanya ukungu wa kijani, na nikamwambia nadhani hicho ndicho kinachokata simu za Korogwe mvua ikinyesha. Hakunisifu. Alinyoosha mkono, akakigusa, akasema, "Kisafishe, nakuangalia." Miezi michache baadaye jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliopelekwa Dar es Salaam kusomea ufundi wa redio. Darasani tulikuwa wanawake wawili, na mwenzangu aliolewa kabla ya mtihani.

Nirudi kwa Mzee Mhina, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na tabia moja niliyoiiga mpaka wanangu wananicheka. Kabla ya kutoa mita, aligusa mtambo kwa mgongo wa mkono, jinsi mama anavyompima mtoto homa. Transfoma, sanduku la betri, taa ya kurushia mawimbi, vyote alivipima hivyo. "Mkono kwanza, mita baadaye," alisema. "Mita yenye betri iliyochoka inaongopa, na wewe utaiamini kwa sababu ina kioo." Vijana wa leo mna mita zinazotoa tarakimu kwa mwanga mwekundu. Nawaomba bado muwe na mikono.

Niliporudi kutoka masomoni nilipangiwa Korogwe, kwenye kituo cha kupima masafa, chini yake. Wengi wenu mmekikuta kituo kikubwa, kina uzio na mlinzi. Wakati ule kilikuwa nyumba ya vyumba viwili juu ya kilima, na milingoti mitatu. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza mitambo ya redio ya nchi, ya polisi, ya bandari, ya ndege, na kumwambia kila mmoja kama ameteleza kutoka kwenye masafa aliyopewa. Redio zikiteleza zinaingiliana, na rubani anayetafuta uwanja anaweza kusikia muziki wa harusi. Sasa, ukitaka kumwambia mwenzio amepinda, wewe mwenyewe lazima uwe na kitu kilichonyooka. Kwetu kitu hicho kilikuwa kipande cha kioo cha kwatzi kinachotetemeka, na kwatzi nayo huzeeka, ikateleza polepole mpaka sisi wenyewe tukawa tunahitaji kusahihishwa.

Ndipo lilipokuja sanduku la rubidi. Azimio la Arusha lilikuwa limeshapita, taifa lilikuwa linajifunza kujitegemea, dukani sabuni ilikuwa ya foleni, na hata hivyo serikali ilikuwa imenunua sanduku lile na likaletwa Korogwe! Siwezi kuwaeleza furaha yangu. Lilikuwa dogo, unalibeba kwa mkono mmoja, jeusi, zito kuliko lilivyoonekana. Ndani yake mlikuwa na kichupa chenye mvuke wa madini ya rubidi, na chembe za mvuke ule hutikisika kwa wimbo mmoja tu, usiobadilika, Korogwe au Ulaya, jana au kesho. Kioo cha kwatzi kilikuwa humohumo, kimefungwa kwenye wimbo wa rubidi kama ndama aliyefungwa kwa mamaye. Kikitaka kuteleza, kinavutwa. Nililala na kitabu chake kitandani. Mume wangu aliniuliza kama anapaswa kuhama chumba.

Mzee Mhina alinikabidhi sanduku lile mimi, akasaini karatasi mbele ya wote. Wengine walinung'unika kwamba chombo cha taifa kinapewa binti wa ubao wa simu. Kulikuwa na kanuni pia, tulisomewa sote: fundi atakayeharibu chombo cha namna ile kwa uzembe anarudishwa kazi aliyotoka. Mimi nilitoka kwenye matundu na bucha, na nilikuwa naipenda kazi ile mpya kuliko usingizi.

Basi nilifanya anachofanya kila mtu wa kwetu akipata kitu cha thamani. Ninyi mnajua redio inavyowekwa sebuleni. Haiwekwi tu mezani kama sufuria. Inatandikiwa kitambaa, na juu inafunikwa kingine. Mama yangu alikuwa amenifumia kitambaa kizito cha uzi mweupe chenye maua, na pembeni kimeandikwa *Karibu Mgeni*. Nilikikunja mara mbili, nikakitandika juu ya meza ya mninga, nikaliweka sanduku katikati, nikachomeka nyaya. Kila aliyeingia alisema ofisi imependeza. Mzee Mhina mwenyewe alisema.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, maana mvua zilikuwa bado zinadondoka. Kisha jua la Korogwe likaamka. Siku moja saa nane mchana taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye ubao wa vipimo. Maana yake kwatzi imefunguka kutoka kwenye rubidi, ndama amekata kamba. Mashine yetu ya kuchora ilikuwa na kalamu inayopiga mstari kwenye karatasi inayotembea, na mstari ukinyooka, sanduku limetulia. Nilitazama karatasi nikaona mstari umekwenda mrama kabisa. Saa kumi na moja jioni taa ikazimika yenyewe. Kesho yake saa nane, tena. Keshokutwa, saa nane kasoro robo.

Tulihangaika. Tulifungua madirisha. Tuliwasha pangaboi mpaka karatasi zikaruka. Tulitundika magunia yaliyoloweshwa maji dirishani, sakafu ikawa matope, na taa nyekundu iliwaka palepale. Mbaya zaidi, pangaboi lilituongezea ugonjwa wa pili. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, na kila pangaboi lilipozunguka na kusimama, mstari ulipanda na kushuka hata asubuhi, wakati kuna ubaridi. Siku ya tano niligombana na mlinzi kwa kufungua mlango bila kubisha, kana kwamba yeye ndiye aliyeumba jua.

Barua ilifika kutoka makao makuu. Kama joto la Korogwe haliruhusu, ilisema, chombo kitahamishiwa Vugiri, milimani, kwenye baridi, na shughuli ya kupima masafa itakifuata. Mkaguzi, Ndugu Mbwambo, angekuja baada ya wiki nne na gari la kukibebea. Tujaze fomu ya hitilafu kabla hajafika. Vugiri ni pazuri, kuna ukungu na mboga tamu, lakini kilima chetu kingebaki na milingoti ya kutundikia popo, na mimi na mafundi wengine wanne tungetawanywa.

Siku ileile niliamua kulisafisha sanduku, kwa hasira tu, ili mikono ifanye kitu. Nilizima, nikalinyanyua, na vidole vyangu vikagusa chini yake. Nilikaribia kuliangusha. Juu lilikuwa vuguvugu, siku zote tulikuwa tunagusa juu, lakini chini palikuwa moto wa kikaango. Nikatazama kitambaa. Maua ya mama yangu yalikuwa yamegeuka rangi ya chapati.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikakichukua kitabu cha sanduku, kile nilicholala nacho. Kurasa za umeme zilikuwa zimechakaa kwa kusomwa. Kurasa za mwisho, za skrubu na vipimo vya matundu, zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani, kwa sababu nilidhani ni kazi ya seremala. Na pale, ukurasa wa pili kutoka mwisho, palikuwa pameandikwa wazi kwamba upande wa chini wa sanduku ndio njia yake ya kutolea joto, na lazima ukazwe kwa boliti juu ya bamba nene la chuma au alumini. Mimi nilikuwa nimeutandikia godoro.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika. Kichupa cha rubidi kinataka joto, tena joto kali lisilobadilika. Ndani ya sanduku mna matanuri madogo yanayokitunza. Likipungua, tanuri linaongeza moto. Likizidi, tanuri linajizima na kungoja lipungue lenyewe. Tanuri halijui kupoza! Linajua kuongeza na kuacha kuongeza, basi. Kwa hiyo nje ya sanduku lazima daima pawe na ubaridi kuliko ndani, na lazima pawe na njia ya joto kutoka. Ukiziba njia, saa nane mchana inafika, tanuri limejizima zamani, joto bado linapanda, na rubidi inapoteza wimbo wake. Halikuwa jua la Korogwe. Jua lilikuwa linamalizia tu kazi niliyoianza mimi.

Nilikwenda kwa Mzee Mhina na kitambaa mkononi. Nilimweleza kila kitu bila kupumua. Alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye yale maua yaliyoungua. Akakasirika. Sijapata kumwona vile tena.

"Ukurasa mzima, Mwanaidi! Ukurasa mzima uliruka!"

"Niliruka, mzee."

"Na mimi nikaingia humu kila siku nikakisifu." Alivua sweta kwa mara ya kwanza, akalivaa tena. "Fomu iko mezani. Pale penye sababu ya hitilafu, kalamu ni yako."

Siku mbili zilizofuata alishinda nje kwenye milingoti. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa kujaza. Nikiandika joto la mahali, hakuna wa kulaumiwa, mimi nabaki fundi, na sanduku linapanda Vugiri. Nikiandika ukweli, sanduku lina nafasi ya kubaki, na mimi nina nafasi nzuri ya kurudi Handeni kuunganisha watu na bucha. Nilizunguka ile meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilijidanganya kwamba Vugiri wangelitunza vizuri, kwamba hakuna atakayeumia. Lakini kule Vugiri nako wangeliweka juu ya meza, na joto likizibwa hata milimani siku moja litafika pa kufika, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Niliandika: *Fundi Mwanaidi hakusoma maelekezo ya kufunga, akaweka kitambaa na meza ya mbao chini ya chombo, joto likakosa njia.* Nikasaini. 

Mzee Mhina alisoma, akasaini chini yangu, akaandika pembeni kwa herufi zake ndogo, *Nami niliona nikanyamaza*. Kisha akasema, "Haya. Tuna wiki tatu na ushei. Bamba liko wapi?"

Bamba halikuwepo. Mwaka ule ungeweza kutafuta bamba nene la alumini toka Tanga mpaka Moshi ukaambulia pole. Tukaenda kwa Fundi Jivan, Mhindi aliyekuwa na karakana nyuma ya duka la kaka yake, karibu na stesheni. Alikuwa akiwachongea watu wa mashamba ya mkonge vyuma vya mashine zao za korona, zile za kukwangua majani ya mkonge. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Mama, bamba sina," alisema. "Lakini alumini iko Korogwe nzima. Iko jikoni."

"Jikoni wapi?"

"Sufuria zilizotoboka. Lete hizo, na mimi nina pistoni za malori zilizokufa. Sufuria peke yake laini sana, pistoni zitaipa nguvu. Nitayeyusha, nitamimina kwenye mchanga."

Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu Kwamndolwa. Nilidhani nitachekwa. Nilichekwa kweli, lakini sufuria zilitoka! Wanawake walizitoa chini ya vitanda, zilizochomelewa mara tatu, zisizo na mikono, moja ilikuwa ya kunyweshea kuku. "Hiyo redio yenu inapika nini?" aliuliza jirani yangu mmoja. Nikamwambia haipiki, inaungua, na sisi tunataka kuipa pa kupumulia. Akaniongezea mfuniko.

Bamba la kwanza lilitoka na mapovu ndani. Jivan alilipiga nyundo mara moja, akasikiliza, akalirudisha motoni bila hata kuniuliza. Joto halipendi mapovu, linayazunguka na kuchelewa. La pili lilitoka zuri, nene kuliko kidole gumba, na upande wa nyuma lilikuwa na mbavu ndefu zilizosimama. Mbavu hizo zinawekwa wima, vijana, si ulalo. Hewa iliyopashwa inataka kupanda, na ukilaza mbavu unaifungia mlango. Nimekuta kituo kimoja mbavu zimelazwa kwa sababu zilipendeza zaidi hivyo, na sikitaji.

Kisha ikaja kazi ya kunyoosha uso. Nilidhani ukikaza boliti sana, chuma na chuma vitagusana. Jivan alinicheka. Alichukua kioo cha dirisha, akakipaka masizi ya chemli yaliyochanganywa na mafuta, akalikandamiza bamba juu yake, akaligeuza. Madoa meusi yalikuwa matatu tu, kwingine kote peupe.

"Sanduku lako lingegusa hapa, hapa na hapa," alisema. "Kwingine kote ni hewa, na hewa ni kitambaa kingine."

Nilikwangua madoa yale, nikapaka tena, nikakandamiza tena, nikakwangua. Siku nne! Vidole vilivimba, ndoto zangu zilikuwa za masizi. Siku ya nne jioni bamba lilitoka kwenye kioo jeusi kote, sawasawa, pembe hadi pembe, na mimi na Jivan tulipiga kelele mpaka kaka yake akaacha wateja dukani kuja kuona nani kaumia.

Hata uso ulionyooka una vishimo visivyoonekana, na vishimo vinataka kujazwa. Dawa ya kiwandani ya kujazia hatukuwa nayo. Mzee Mhina alikumbuka kwamba unga mweupe ndani yake ni zinki, na zinki ipo zahanati, wanawapaka watoto. Nilikwenda kuomba.

"Mgonjwa ana umri gani?" muuguzi aliuliza.

"Miezi sita."

"Vipele viko wapi?"

"Chini, anapokalia."

Alinipa kopo zima akanihurumia. Nilimrudia baadaye nikamwambia ukweli, akacheka, lakini wakati ule nilikuwa na haraka. Unga ule niliukoroga na mafuta ya nyonyo kidogokidogo, nikapaka. Mara ya kwanza nilipaka nene kama siagi kwenye mkate, na Mzee Mhina akanifuta yote. "Hii ni ya kujaza mashimo, si ya kutandika," alisema, na nikajua bado ana donge. Nilipaka upya, nyembamba, chuma kikionekana chini yake. Tukakaza boliti nne kwa mshazari kama nati za gurudumu, moja kidogo, ya upande wa pili kidogo, mpaka zote zikakubali. Bamba tukalifunga ukutani, mbali na dirisha, na mbele yake tukaweka ngao ya bati yenye nafasi chini na juu, ili hewa ipande taratibu na upepo wa mlango usiguse kitu. Pangaboi tukalizima kwa amri. Sisi tulitoka jasho, lakini sanduku halikuhitaji upepo. Lilihitaji joto lake litoke kwa mwendo uleule, asubuhi na mchana.

Siku ya kwanza saa nane mchana tulisimama wote watano mbele ya taa nyekundu kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Haikuwaka. Saa tisa, haikuwaka. Niligusa bamba kwa mgongo wa mkono, lilikuwa la moto, na nikafurahi mno, kwa sababu joto lile lilikuwa limetoka mahali pake! Lakini siku moja si kipimo. Mstari kwenye karatasi ulikuwa umetulia, ila bado ulikuwa na mawimbi madogo asubuhi jua linapopiga ukuta wa mashariki. Tukahamishia bamba ukuta wa kusini, tukakaza upya, tukapaka upya. Tulimaliza zimebaki siku tano mkaguzi afike.

Ndugu Mbwambo alifika na Landrova, dereva, na kreti la mbao lililojaa nyasi kavu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alisalimia, akakataa chai, akaomba fomu na karatasi za mashine ya kuchora. Aliisoma fomu akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Ndugu Mwanaidi ni wewe?"

"Ni mimi, ndugu."

"Na haya uliyaandika mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

Aliikunja fomu. Alisema atakaa mpaka kesho yake jioni, apitie saa nane mbili kwa macho yake. Siku hiyo ya kwanza taa haikuwaka. Ya pili ilikuwa siku ya jua ambalo sijaliona tena, mabati ya paa yalikuwa yanalia, na dereva alilala chini ya Landrova. Saa nane. Mzee Mhina alikuwa amekunja mikono ndani ya sweta. Saa nane na nusu. Saa tisa. Ndugu Mbwambo alikuwa ameinama juu ya karatasi, akifuata kalamu kwa miwani yake kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Saa kumi aliondoka mezani, akaenda ukutani, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya bamba, na akauacha hapo muda mrefu.

"Sufuria?" aliuliza.

"Sufuria na pistoni, ndugu," nilisema.

Akavua miwani. "Sanduku lingine kama hili tunalo sisi wenyewe, makao makuu. Linafunguka kila siku ya joto. Tumemwandikia aliyetuuzia barua tatu za ukali." Alipangusa miwani kwa shati, taratibu, pande zote mbili. "Liko juu ya kitambaa alichofuma mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hakuna aliyethubutu. Mzee Mhina alitazama dari kwa nguvu zake zote.

"Kreti litarudi tupu," Ndugu Mbwambo alisema. "Chombo kinabaki Korogwe. Na wewe, ndugu, wiki ijayo unakuja Dar es Salaam kutufungia cha kwetu. Ulete na huyo fundi wako wa masizi kama atakubali. Kwenye ubao wa simu hutarudi."

Katika chumba kile ilikuwa mwiko hata kufunga droo kwa kishindo, kwa sababu kalamu ya kuchora ilikuwa nyepesi na ilishtuka kwa lolote. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika tangazo la mlangoni. Lakini kifua kilikuwa kimejaa, wiki nne nzima, na kabla sijajizuia nilipiga kigelegele, kirefu, cha harusini, cha kutoka Kabuku hasa. Ndugu Mbwambo aliruka. Dereva alijigonga kichwa chini ya gari, tulimsikia. Kisha wote kwa pamoja tukageuka kutazama karatasi, na kalamu ilikuwa inatembea zake, mstari umenyooka, haukutikisika hata kwa unywele.

"Piga tena," alisema Mzee Mhina, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Tuhakikishe."